Usimeze hiyo nusu tembe

Dadangu wa Kayole, unauliza kama umeze nusu ya tembe ya misoprostoli aliyokuletea jirani, kwa kuwa tarehe ya kujifungua uliyopewa kliniki imepita kwa siku 4 na uchungu haujaanza. Tafadhali, usimeze.

Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1988 kwa vidonda vya tumbo. Ni kweli hospitalini huanzisha uchungu nayo, lakini Shirika la Afya Duniani linapendekeza maikrogramu 25 kwa mara moja. Tembe ya kawaida ina 200, kwa hiyo nusu yako ni mara 4 ya kipimo hicho.

Halafu umesema mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Hapo ndipo niliposhtuka. Uchungu wa dawa hii unaweza kuja mfululizo, tumbo likakaza kama ubao bila kuachia, mtoto akakosa hewa, na kovu la mfuko wa uzazi likapasuka. Dripu ya oksitosini, dawa nyingine ya kuanzisha uchungu, mkunga huifunga uchungu ukizidi. Tembe ukishaimeza hairudi.

Kupita siku 4 ni jambo la kawaida. Kesho asubuhi beba kijitabu chako cha kliniki, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na utaje kovu kabla ya lolote. Mtoto akipunguza kucheza, au ukitokwa na damu au maji, ondoka usiku huohuo. Na kama umeshameza, nenda sasa hivi na useme ulimeza saa ngapi. Usiwafiche, mama.