Kitufe kinafunguliwa lini? Majibu kwa wasomaji kuhusu michezo ya televisheni ya Marekani

Barua za safari hii zimetoka Iringa, Tukuyu, Makambako, Njombe na Mbeya mjini. Karibu zote zina swali moja kwa sura tofauti: mchezo unaopendeza kwenye televisheni, ukiletwa ukumbini kwetu, kwa nini unavurugika? Mara nyingi tatizo ni kanuni moja ndogo iliyoachwa nje kwa sababu mtazamaji haioni.

Wahariri, shikamooni. Mimi ni mlezi wa klabu ya chemsha bongo katika sekondari moja hapa Iringa. Tunaiga *Jeopardy!*: wanafunzi watatu mbele, kila mmoja na kengele yake ya mezani. Kila swali linaishia kwenye ubishi wa nani kagonga kwanza, na wengine wanagonga hata sijamaliza kusoma. Wenzetu wanafanyaje?

Marahaba, Mwalimu. Hali hiyo hata Wamarekani waliipitia. Mchezo huu, uliobuniwa na Merv Griffin, ulianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC tarehe 30 Machi 1964, Art Fleming akiuendesha, na enzi hizo mshiriki aliruhusiwa kubonyeza wakati wowote, swali likiwa nusu. Uliporudi mwaka 1984 na Alex Trebek, msimu wa kwanza ulikwenda hivyohivyo. Kuanzia msimu wa pili, mwaka 1985, vitufe vikawa vinabaki vimefungwa mpaka mwendeshaji amalize kusoma. Kuna mfanyakazi asiyeonekana kwenye kamera ambaye ndiye anayevifungua kwa swichi, na taa za pembeni mwa ubao huwaka kuwajulisha washiriki. Anayewahi kabla ya hapo, kitufe chake hufungwa kwa robo sekunde. Watu watatu wakiwa wote wanajua jibu, robo sekunde inatosha kabisa kumpa mwenzako nafasi.

Kengele za mezani haziwezi kazi hiyo, ila fundi redio anaweza kukuundia kifaa chake. Unahitaji rilei 3 za volti 12 (rilei ni swichi inayovutwa na umeme badala ya kidole), kila moja yenye seti 4 za miguso. Vitufe 3 vya kengele ya mlangoni. Taa 3 za indiketa ya pikipiki. Swichi moja ya mwendeshaji. Fyuzi ya ampia 5. Na betri ya pikipiki, ili umeme ukikatika mashindano yasisimame.

Njia ya umeme ni hii: chanya ya betri, fyuzi, swichi ya mwendeshaji, kitufe cha mshiriki, kisha miguso ya rilei za wenzake wawili (ile inayokaa imeungana wakati rilei imelala), ndipo uingie kwenye koili ya rilei yake mwenyewe na kurudi hasi. Katika rilei ya kila mshiriki, seti ya kwanza ya miguso iungwe sambamba na kitufe chake, ili akiachia kidole rilei ibaki imeshika. Seti ya pili inawasha taa yake. Ya tatu na ya nne ndizo zinazokata njia za wenzake. Wewe ukizima swichi, vyote vinarudi mwanzo.

Taa ikikataa kuzimika, fundi ameunga waya wa kushikilia moja kwa moja kwenye betri badala ya kuuchukua baada ya swichi yako. Kosa la pili ni la mchezo wenyewe: mwanafunzi mjanja atabonyeza mapema na kuendelea kukandamiza, na ukiwasha swichi tu, taa yake ndiyo itakayowaka. Robo sekunde ya Wamarekani iliwekwa kuzuia hilo hasa. Kwa kuwa kifaa hiki hakina adhabu hiyo, mwalimu wa pili akae mbele yao aangalie vidole. Aliyekutwa amekandamiza kabla ya swichi kuwashwa anakaa kimya kwa swali hilo.

Kuna kanuni nyingine ambayo klabu nyingi zinaiacha kwa huruma: kukosa kunakatwa pointi. Jibu sahihi linaongeza thamani ya swali, jibu baya linaondoa thamani hiyohiyo, na waliobaki wanapewa nafasi. Usipokata, hakuna sababu ya mtu kutobonyeza kila swali, na hapo unapima wepesi wa kidole peke yake.

Ubao una makundi 6 ya maswali 5, raundi mbili, ya pili kwa thamani maradufu. Pamoja na swali la mwisho ni maswali 61, kwa hiyo andaa na machache ya akiba. Swali moja katika raundi ya kwanza na mawili katika ya pili huwa na dau lililofichwa: aliyeangukia hapo anajibu peke yake na anapanga mwenyewe kiasi cha kuhatarisha. Mshiriki anapewa maelezo, naye anarudisha swali. Ukisoma “Fuvu la kichwa cha chifu huyu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954”, jibu linalokubalika ni “Mkwawa ni nani?” Katika raundi ya kwanza anayesahau hukumbushwa, katika ya pili hakumbushwi.

Swali la mwisho kila mmoja anaandika dau lake baada ya kusikia kundi tu, kisha anapata sekunde 30. Wafundishe vijana hesabu yake, ni tamu. Tuseme wa kwanza ana pointi 12,000, wa pili 8,000 na wa tatu 3,000. Wa pili akiweka zote na kupata, anafika 16,000. Basi wa kwanza aweke 4,001 ili akipata afike 16,001. Lakini akikosa atabaki na 7,999. Wa pili aliyeliona hilo anaweka sifuri, anabaki na 8,000, na kiongozi akikosa yeye anashinda kwa pointi moja bila hata kulijua jibu.

Sisi ni kikundi cha vijana Tukuyu. Tulicheza *Wheel of Fortune* kwa methali, herufi zikiwa zimefunikwa ubaoni. Kila fumbo lilikwisha haraka mno, na gurudumu letu la baiskeli tulilotundika ukutani lilikuwa linasimama mahali palepale. Tumekosea wapi?

Tuanze na gurudumu. Lililotundikwa wima, upande mzito hushuka chini kila mara, na kwenye rimu ya baiskeli sehemu ya vali au kiraka kimoja cha bati vinatosha kuleta uzito huo. Lile la televisheni, lenye vipande 24, limelazwa. Lazeni na lenu, ekseli ikisimama wima kwenye ubao mzito. Rimu yenye spoki 36 inagawika vizuri vipande 12, spoki tatu kila kipande. Wekeni kipande kimoja cha kufilisika na kimoja cha kupoteza zamu. Vikizidi hapo, hakuna atakayefika popote.

Kuhusu mafumbo, kanuni yenu imetungwa kwa ajili ya Kiingereza. Katika mchezo huo ukitaja konsonanti iliyomo kwenye fumbo unapata kiasi ambacho gurudumu limesimamia, mara idadi inayotokea, ila irabu unainunua, na bei yake kwa miaka mingi imekuwa dola 250 hata ikitokea mara nyingi namna gani. Sasa chukueni HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Ina herufi 23, na 11 kati ya hizo ni A. Mtu akinunua A mara moja, nusu ya ubao imefunguka kwa bei ya irabu moja, na mwenye masikio amekwisha kuijua methali.

Dawa tunayoipendekeza ni kuuza irabu kwa kila mahali inapotokea. Bei ikiwa pointi 50, ile A inagharimu 550, na mchezaji atafikiri mara mbili. Chagueni pia methali ndefu zenye irabu zilizochanganyika: ASIYEFUNZWA NA MAMAYE HUFUNZWA NA ULIMWENGU ina herufi 38, na A ni 7 tu.

Raundi ya zawadi nayo ina mtego huohuo. Tangu mwaka 1988 mshindi hupewa bure R, S, T, L, N na E, kisha anachagua konsonanti tatu na irabu moja. Msiige herufi hizo. Toeni N, K, M na W, lakini A msiitoe bure kabisa.

Wapendwa, Makambako hapa. Kwaya yetu inataka harambee ya namna ya *The Price Is Right*, kwa bidhaa za dukani na mazao. Tunahitaji kanuni zisizoleta manung’uniko.

Mchezo wa mwanzo uliendeshwa na Bill Cullen kuanzia mwaka 1956. Huu unaojulikana sasa ulianza kwenye kituo cha CBS tarehe 4 Septemba 1972 na Bob Barker, aliyeushika hadi mwaka 2007. Watu wanne wanasimama mstari mmoja, wanaoneshwa bidhaa, na kila mmoja anataja bei mara moja. Aliye karibu zaidi bila kuzidisha ndiye anayepanda jukwaani. Wote wakizidisha, wanaanza upya.

Manung’uniko yatatokea kwa anayetaja mwisho, kwa sababu amewasikia wengine. Tuseme ndoo ya mafuta imetajiwa 40,000, 52,000 na 45,000. Wa nne akisema 45,001 amejitwalia eneo lote kutoka hapo hadi 51,999, na yule wa 45,000 amebaki na namba moja tu. Marekani hilo linaruhusiwa, na sisi hatuoni sababu ya kulizuia, ila nyie mpange bei zipande kwa mia mia, aseme 45,100. Bei iliyokwisha kutajwa hairudiwi. Na kinacholeta haki ni hiki: aliyeingia mstarini karibuni ndiye anayetaja kwanza, hivyo nafasi ya mwisho inazunguka. Mkimwacha mtu mmoja awe wa mwisho jioni nzima, wenzake wana haki ya kulalamika.

Bei sahihi iandikwe na kufungwa kwenye bahasha kabla ya mchezo, ikiwa ya duka moja mlilolitaja, na risiti iwepo. Kwa viazi na mahindi msiseme “gunia” bila kipimo. Pimeni kilo mbele ya watu, la sivyo mmoja atakadiria gunia la lumbesa na mwingine la kawaida, na wote watakuwa sawa.

Baba mkubwa anashikilia kwamba michezo yote hiyo Wamarekani hupanga mshindi kabla. Kuna ukweli? (Njombe)

Kwa miaka ya 1950 yuko sahihi. Katika *Twenty-One* ya NBC, wachezaji wawili walikaa kwenye vibanda visivyopitisha sauti, wakachagua maswali ya pointi 1 hadi 11 wakitafuta kufika 21. Herb Stempel alielekezwa akose swali, akashindwa na Charles Van Doren Desemba 1956, na tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa anapewa maswali na majibu. Mwaka 1960 ikatungwa sheria inayofanya kupanga matokeo ya mashindano ya televisheni kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo tangu hapo mtayarishaji anayempa mshiriki majibu anahatarisha kwenda jela. Mpelekee baba mkubwa jibu hili kwa heshima. Nusu ya hoja yake imesimama.

Nasoma umeme hapa Mbeya. Nataka kutengeneza ubao wa taa zinazorukaruka kama ule wa *Press Your Luck*, kwa kutumia Arduino, ile kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa. Nasikia kuna mtu aliwahi kuushinda ubao ule. Aliwezaje, na mimi nijikinge vipi?

Ndugu yetu, umeuliza swali zuri kuliko yote ya safari hii. Ubao ulikuwa na miraba 18, taa ikirukaruka juu yake na zawadi zikibadilika. Ukibonyeza taa inasimama, unachukua kilichopo. Ukiangukia katuni iitwayo Whammy, unapoteza fedha zako zote. Ilionekana ni bahati tupu, lakini taa ilikuwa inafuata mifuatano mitano tu. Michael Larson wa Ohio alirekodi vipindi nyumbani, akaviangalia mpaka akaikariri yote. Aligundua pia kwamba mraba wa 4 na wa 8 haukuwahi kuwa na Whammy, na ulimpa mchezaji fedha pamoja na nafasi ya kuzungusha tena. Mwaka 1984 akaenda kushiriki. Mzunguko wake wa kwanza uliangukia Whammy, kisha akaingia kwenye mdundo na kuondoka na fedha na zawadi za dola 110,237. CBS walisita, lakini hakuwa amevunja kanuni yoyote, wakamlipa. Baadaye mifuatano ikaongezwa.

Hatari yako ni hiyohiyo. Amri ya `random()` ya Arduino, inayotoa namba za kubahatisha, usipoipa mbegu (namba ya kuanzia), hutoa mfuatano uleule kila unapowasha umeme. Kijana mwenye daftari ataunakili siku ya kwanza. Wengi hutumia `analogRead()`, yaani kipimo cha volti, ya pini isiyoungwa kama mbegu, lakini namba zake hucheza ndani ya eneo dogo, hivyo mifuatano hujirudia. Bora uchukue thamani ya `micros()`, inayohesabu mikrosekunde tangu kifaa kiwashwe, pale mchezaji anapobonyeza kitufe cha kuanza, uiingize kwenye `randomSeed()`. Hakuna kidole kinachoweza kurudia sehemu ileile ya sekunde kwa usahihi huo. Zawadi nazo zihame: usiache mraba wowote ambao hauwezi kamwe kupata adhabu.

Kabla hujaupeleka mbele ya watu, zima na kuwasha mara tatu, kila mara ukiandika miraba 20 ya kwanza ambayo taa imepitia. Safu mbili zikilingana, rudi kwenye mbegu.