Je, vodka ya bei ghali ina ladha bora kuliko ya bei nafuu?

Ndugu, umeuliza kama chupa ya vodka inayouzwa mara tatu ya bei ya nyingine inastahili fedha hizo kwa ladha yake. Kwa maoni yangu tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko bei inavyodai. Vodka, iwe ya ngano, ya viazi au ya zabibu, hukenekwa, yaani mvuke wake hukusanywa na kupozwa, hadi kileo kifikie takriban asilimia 96, kisha hupunguzwa kwa maji hadi asilimia 40 hivi. Kwa hiyo kinachobaki cha kutofautisha ni maji yenyewe, mabaki machache ya malighafi na umakini wa mtengenezaji.

Mwaka 2005 jopo la gazeti la New York Times lilionja vodka 21 bila kuona majina, na iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa Smirnoff, ambayo ni ya bei ya kawaida kabisa. Grey Goose nayo, vodka iliyoanzishwa na mfanyabiashara Mmarekani Sidney Frank mwaka 1997, ilipangiwa bei ya juu makusudi ili ionekane ya kifahari.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe mwenzako akumiminie aina tatu kwenye glasi zinazofanana, zisizo na barafu, kwa kuwa baridi huficha kasoro. Ile mbaya utaitambua kwa harufu kali kama ya kiondoa rangi ya kucha na kwa jinsi inavyokwaruza koo. Ukishaichanganya na juisi ya machungwa, sidhani kama utaitambua tena.