Unga wa jeli kwenye biskuti na krimu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini krimu yako ya siagi yenye unga wa jeli ya stroberi ilikuwa na chembechembe kama mchanga, ilhali biskuti zenyewe zilitoka vizuri. Unga huo kwa sehemu kubwa ni sukari, na jelatini iliyomo, yaani kile kinachoifanya jeli igande, haiyeyuki sawasawa bila maji ya moto. Biskuti hupata joto la tanuri na unyevu wa mayai, lakini krimu haipiti motoni.

Koroga vijiko vikubwa 2 vya unga wa jeli katika vijiko vikubwa 2 vya maji yanayochemka, mpaka usione hata punje moja ukiinamisha kijiko kwenye mwanga, kisha uache upoe hadi uvuguvugu, kwani ukiwa wa moto utayeyusha siagi, na ukiganda utaacha vinyuzi kama vya mpira. Umimine kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga robo kilo ya siagi laini na nusu kilo ya sukari ya unga.

Kwenye biskuti, ukitia pakiti ya gramu 85, punguza sukari ya kawaida kwa kiasi kinachokaribia hicho, na uzitoe mara kingo zinapoanza kubadilika rangi, la sivyo ule uwaridi mzuri utageuka kahawia.

Naomba pia usome pakiti kwa makini, kwa sababu jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, na jirani Mwislamu utakayempelekea sahani ana haki ya kujua.