Kabla hujaomba kotesheni ya bima ya mzigo, kaa chini na karatasi kwanza

Mara ya kwanza natafuta bima ya mzigo nilipiga simu kampuni nne siku moja, huyu nikamwambia nabeba saruji na vifaa vya umeme, yule nikamwambia bidhaa mchanganyiko, mwingine hata hakuniuliza nabeba nini akanitajia bei tu, jioni nina bei nne mkononi na hazilinganishiki manake kila moja ilikuwa ya kitu tofauti. Nikachukua ya chini.

Miezi kadhaa baadae dereva wangu akasimama kula, hata nusu saa hakumaliza, kurudi anakuta turubai imechanwa kwa kisu upande wa nyuma, kamba hazijaguswa, na katoni 11 hazipo. Nikafungua klemu, yaani madai ya kulipwa na bima, nikiwa na amani kabisa. Mkaguzi akafungua mkataba wangu mwenyewe akaweka kidole kwenye mstari mmoja: wizi unalipwa tu kama gari halikuachwa bila mtu, na kama limeachwa basi liwe ndani ya uzio wenye mlinzi. Nilikuwa nimesaini hicho kitu. Katoni nikalipa mfukoni na mteja akahamia kwa mwingine.

Tangu hapo sipigi simu kabla sijaandika karatasi moja ya kazi yangu, na hiyohiyo ndo natuma kwa kila kampuni na kila wakala bila kubadili neno.

Kitu cha kwanza kwenye hiyo karatasi ni mzigo wenyewe, na tafadhali usiandike "mizigo ya kawaida" kwasababu hilo neno kila kampuni inalitafsiri kivyake siku ya klemu. Andika kila aina unayobeba na kadiri ni asilimia ngapi ya safari zako, hata ile unayobeba mara mbili kwa mwaka. Simu, sigara, pombe, dawa, shaba, vitu ambavyo wezi wanavipenda, mikataba mingi inaviondoa kabisa au inaviwekea kikomo kidogo, na usipovitaja mapema utakuja kujua ukiwa tayari umeibiwa. Kama una gari la baridi ulizia moja kwa moja, mtambo wa baridi ukifa njiani na mzigo ukaoza nalipwa? Mara nyingi hicho ni kipengele cha kuongezea pembeni, na watataka kuona rekodi za sevisi ya ule mtambo, kwahiyo zianze kukaa kwenye faili leo.

Alafu thamani. Hapa ndo watu wengi wanaumia. Wanachukua thamani ya mzigo wa wastani wakati inatakiwa uangalie ule mkubwa kuliko yote uliowahi kupakia kwenye gari moja, manake ajali haichagui safari. Na mikataba mingi ina kanuni ya uwiano, yaani mzigo una thamani ya 100, wewe ukakata bima ya 60 ili ulipe kidogo, ikatokea hasara ya 50, hawakupi 50, wanakupa 30, kwasababu ulikata asilimia 60 tu ya thamani. Ukiongeza na eksesi inayokatwa hapo, yaani kile kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe, utaona unabaki na nini. Toa ankara za mizigo ya mwaka uliopita, tafuta ile kubwa, pia piga jumla ya mwaka mzima, kampuni nyingi zinapanga bei kwa kuangalia hizo namba mbili.

Kuna jambo lingine nilichelewa sana kulielewa. Bima ya mzigo wenyewe na bima ya dhima yako wewe msafirishaji sio kitu kimoja. Ile ya dhima inalipa pale ambapo kisheria wewe ndo unawajibika, na inaweza kuishia kwenye kikomo cha kisheria. Mfano, mkataba wa kimataifa wa CMR wa mwaka 1956 ambao unatumika sana Ulaya kwa mizigo ya barabarani inayovuka mpaka, kikomo chake ni SDR 8.33 (SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa kila kilo iliyopotea. Kwa saruji hiyo inatosha na kubaki, kwa kompyuta hapana kabisa. Kwahiyo muulize mteja wako kama mzigo ameshaukatia bima yeye mwenyewe, na anakutaka wewe uwe na ipi.

Mambo ya gari ni mepesi: namba za usajili, mwaka, aina ya tela, GPS kama ipo, na gari linalala wapi usiku. Madereva weka fotokopi za leseni na miaka waliyoendesha magari makubwa. Njia unazopita na umbali pia.

Klemu zako za nyuma usifiche hata moja. Watakuuliza za miaka 3 hadi 5, omba barua ya kumbukumbu kutoka kampuni ya zamani, alafu andika pembeni ulibadilisha nini baada ya kila tukio. Mimi ile ya turubai niliieleza yote, na kwamba sasa vifaa vya umeme vinaenda kwenye tela la boksi lenye kufuli na sili na madereva wawili, hakuna aliyenikataa. Ukificha wakagundua, mkataba wote unaweza kufutwa na hapo umelipa bure.

Zikirudi kotesheni usianzie kwenye bei. Anzia eksesi, kikomo kwa kila safari, masharti ya wizi na ya kulaza gari, kupakia na kupakua kumo au hakumo, na ukimkodi mwenzako abebe mzigo wako inakuwaje. Majibu yote yaje kwa imeili, ya simu usiyahesabu. Anza hii kazi kama mwezi kabla bima ya zamani haijaisha, na siku ukipokea hati mpya soma majina na namba za gari herufi kwa herufi kabla lori halijapakia.