Anza na Jani Linalougua

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayesoma makala zangu. Amejiunga na kundi la mtandaoni la wapenda bustani na kazi za mikono, ameombwa ajitambulishe, na ameandika utambulisho mara tatu akaufuta mara tatu. "Wenzangu naona wamefika mbali," aliniandikia. "Mimi nina vyungu sita dirishani na kitambaa nilichoanza kufuma tangu mwaka jana. Sasa niseme nini mbele ya watu kama hao?" Akaniaga vizuri. Halafu chini kabisa, baada ya kuniaga, akaongeza: samahani dada, ua langu la chunguni, urujuani wa Afrika, limetoka madoa meupe ya duara kwenye majani, huo ni ugonjwa gani?

Mstari huo wa chini nimeusoma mara nyingi kuliko ujumbe wote. Nitaurudia. Kwanza niwasimulie yaliyonikuta mimi, maana najua wengi wenu mko kwenye mlango huohuo aliosimama huyu dada: mna mikono inayopenda kazi, mnatamani watu wa kuzungumza nao, na mnaogopa.

Mimi niliingia kundi langu la kwanza miaka tisa iliyopita. Utambulisho wangu niliuandika jioni nzima. Nilianza na jina kamili, nikaja na masomo, nikaeleza kwamba nimeshika sindano tangu utotoni, kisha nikaorodhesha mimea yangu yote, zaidi ya arobaini, mmoja baada ya mwingine. Niliandika kama mtu anayeomba kazi. Siku mbili hakuna aliyejibu. Siku ya tatu akatokea mmoja: "Ndefu mno. Picha ziko wapi?" Chini yake watu kumi na mmoja wakaweka vikaragosi vya kucheka. Nakumbuka hesabu hiyo mpaka leo. Nilizima simu nikaenda kukaa na miche yangu, na sitawaficha, niliumia. Bado nikiona mgeni anachekwa moyo wangu unarudi kwenye jioni ile.

Miezi saba iliyofuata nilikuwa nasoma ya wenzangu na kupita. Hakuna la kusimulia hapo.

Kilichonifungulia mlango ni nyanya zilizooza. Zilikuwa nzuri kwa juu, lakini chini kila tunda lina doa jeusi lililobonyea. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi cha kutojali tena nani atanicheka, nikapiga picha moja, nikaandika: "Nyanya zangu zinaoza kitako. Namwagilia kila ninapokumbuka. Nakosea wapi?" Mpaka usiku majibu yalikuwa ishirini na saba.

Walinieleza kwamba kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukizana. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni; kinachokosekana ni maji ya kuifikisha. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea, kwa hiyo udongo ukikauka leo na kufurika kesho, tunda linabaki na njaa. Mwagilia kwa kipimo kinachofanana, weka matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, usikauke haraka, na matunda yanayofuata yatatoka salama. Yalitoka salama.

Lakini sikilizeni kitu walichokikamata. Hawakuiona picha tu. Walikamata yale maneno "kila ninapokumbuka". Ningeandika "namwagilia vizuri", kama nilivyokuwa nimezoea kujipamba, nani angejua shida iko wapi? Nilipotaja udhaifu wangu kwa jina lake, watu walipata pa kunishikia mkono. Ule utambulisho wangu wa kwanza haukuwa na pa kushika. Ulikuwa ukuta uliopakwa rangi nzuri.

Kati ya wale waliojibu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, anaishi upande wa pili wa dunia. Kwangu kukiwa joto, kwake ni baridi. Kesho yake akaniuliza kama matandazo nimeshaweka. Kesho kutwa akauliza tena. Mimi namwita Mama, yeye ananiita binti, na hatujawahi kukutana ana kwa ana mpaka leo.

Siku moja nilimwonyesha blanketi la mtoto nililokuwa nafuma kwa kroshia. Lilikuwa linalegea, linarefuka kupita kipimo, na uzi ulikuwa unakaribia kuisha kabla sijafika nusu. Hakunisifu wala hakunikosoa. Aliuliza swali moja: "Aliyeandika ruwaza hiyo, hayo maelezo unayofuata kufuma, ni Mwingereza au Mmarekani?" Nikaangalia: Mwingereza. "Na wewe ulijifunzia wapi?" Kwenye video za Kimarekani. Basi! Mshono ambao Wamarekani wanauita mmoja, Waingereza wanauita maradufu. Na Wamarekani nao wana maradufu yao, ila ni mshono mrefu zaidi: jina ni lilelile, mshono ni mwingine. Nilikuwa nimefuma mishono mirefu mahali palipotakiwa mifupi, safu baada ya safu, kwa wiki tatu. (Kama mnafuata ruwaza za kutoka nje, angalieni hilo kabla ya kugusa uzi. Ruwaza nyingi zinaeleza mwanzoni zinatumia majina ya nani.)

Nilifumua lote. Nilikuwa nalia. Mama akasema na yeye ana shali aliyoiacha njiani tangu zamani, tuanze pamoja. Tukakubaliana kila jioni tunafuma safu nne na kutumiana picha, hata kama siku imekuwa mbaya. Urafiki wetu umejengwa hapo hasa, kwenye zile safu nne, hata kuliko kwenye nyanya. Kuna jioni hatukuandikiana neno lolote, picha tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuotesha urujuani kwa jani. Nilimwomba anitumie jani kwa posta, akakataa, nikanuna. Akaniambia mmea hauvushwi mpaka wa nchi bila cheti cha afya ya mimea, kwa sababu jani moja linaweza kubeba utitiri au ukungu na kuangamiza mashamba ya watu, na mataifa yaliwekeana mkataba juu ya jambo hilo mwaka 1951. Leo namshukuru. Nawaambieni na ninyi: urafiki ukinoga, mtaanza kuahidiana mbegu na vipandikizi. Msitumiane kienyeji kuvuka mipaka. Kila mmoja atafute wake.

Ndivyo tulivyofanya. Kila mtu alitafuta jani lake na tukapanda siku moja: kata kikonyo kwa mshazari ukiache na urefu wa sentimita tatu hivi, kichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, funika na mfuko unaopitisha mwanga, weka pasipochomwa na jua. Baada ya kama mwezi kuna mizizi. Miche midogo ilichungulia miezi mitatu hivi tangu tupande, yake ikiwa imeitangulia yangu kwa siku tano. Huku tukisubiri akanisimulia kwamba ua hilo linaitwa Saintpaulia kutokana na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyelipeleka Ulaya kutoka milima ya Usambara, na wataalamu wakalipa jina hilo mwaka 1893. Siku hizi wameliingiza kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, ya Streptocarpus, kwa hiyo ukitafuta habari zake tafuta kwa majina yote mawili. Ndiyo maana nasema mkiuliza juu ya mmea, andikeni na jina lake la kisayansi mkilijua. Jina la nyumbani kwenu, kwa mwenzako linaweza kuwa la mmea mwingine kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Blanketi lile nililimaliza, nikaliweka mtandaoni likiwa limekunjwa vizuri. Wiki chache baadaye nikalikuta kwenye kundi jingine, picha imekatwa pembeni, mtu anajitambulisha nalo kama kazi ya mikono yake. Nilipolalamika niliambiwa nina wivu. Blanketi nililolifumua nikilia! Sikupata haki yangu, na yule mtu mpaka leo anasifiwa.

Tangu hapo napiga picha kazi ikiwa bado na sindano ndani yake, uzi unaning'inia. Wezi hawaitaki. Na nimegundua faida nyingine kubwa zaidi: kazi iliyokamilika huletewa "hongera", na hongera hufunga mazungumzo. Kazi iliyo njiani huulizwa maswali. Uzi gani huo? Umekwama wapi? Kwa nini umechagua rangi hiyo?

Jamani, acheni kujitambulisha kwa vyeo na orodha. Watu wa udongo na uzi hawahitaji kujua umesoma wapi. Sema kitu kimoja kilicho mikononi mwako leo, sema kinachokusumbua, sema uko msimu gani, wa mvua au wa kiangazi, wa baridi au wa joto, ili ushauri ukufae. Msimu unatosha, anwani haihitajiki, na mahali ulipo paondoe pia kwenye taarifa za picha zako, maana simu nyingi huweza kupaandika humo bila wewe kugundua. Ukipiga picha jani, lipige na upande wa chini, kwenye mwanga wa mchana. Inzi weupe na utitiri wanakaa chini, na picha ya juu peke yake imewapoteza washauri wengi.

Na ninyi wenyeji wa makundi haya, mnaocheka wageni: mnamjua mnayemcheka amekaa jioni ngapi akiandika? Mimi sasa hakuna mgeni anayepita kundini kwetu bila kuulizwa swali na mimi, walau moja. Wawili kati yao leo wanafundisha wengine kuotesha majani, na najivunia hilo kuliko blanketi lolote.

Turudi kwa dada yetu. Mpenzi, yale madoa ya duara si ugonjwa. Urujuani hauvumilii maji ya baridi kwenye majani. Tone lililo baridi kuliko jani linaua rangi pale linapotua. Majani yaliyokwisha kupata madoa hayatapona, lakini yatakayochipuka yatakuwa safi. Chota maji uyaache ndani mpaka yapoteze baridi, uyamimine kwenye kisahani chini ya chungu, yakae nusu saa, yanayobaki umwage. Halafu chukua picha uliyonitumia uipeleke kule kundini leo hii, uandike: nina vyungu sita, hiki kimoja kilitoka madoa, nimeshaambiwa ni maji ya baridi, je, nyinyi mnamwagiliaje?

Na kile kitambaa ulichoanza mwaka jana, kimekwama safu ya ngapi?