Je, mbu huiona taa ya bluu kabla ya kumwona mtoto?

Swali: Nimenunua taa ya bluu ya kuua mbu, na muuzaji alinihakikishia kwamba mbu huuona mwanga wake haraka kuliko anavyotuona sisi, hivyo chandarua si lazima tena. Kila asubuhi sinia lake limejaa wadudu, lakini mtoto bado anang'atwa. Je, tulale gizani ili mbu asituone? (Mama wa watoto wawili, Makorora, Tanga)

Jibu: Mama, wamwage wadudu hao juu ya karatasi nyeupe, uwachambue. Utakuta nondo, kumbikumbi na mbawakavu wadogo, na mbu wachache mno. Mwaka 1994, watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani waliwahesabu wadudu waliouawa na taa za namna hiyo zilizotundikwa nje ya nyumba za watu. Kati ya wadudu 13,789, waumao watu walikuwa 31 tu. Sinia lililojaa halithibitishi kitu, ila humsaidia mwenye duka kuuza taa ya pili.

Giza nalo halitakuficha, kwa sababu mbu jike hakutafuti kwa macho kwanza. Hunusa hewa ya ukaa unayoitoa kwa pumzi, akaifuata, na macho humsaidia akishakaribia, kabla ya joto na harufu ya ngozi kumwonyesha pa kutua. Macho yenyewe ni hafifu. Kila moja limeundwa na vijicho, yaani macho madogo madogo, mia kadhaa tu, ilhali jicho la nyuki kibarua lina takriban 5,000, na kila kijicho hupokea kwa mkupuo mwanga wa eneo lenye upana wa digrii 10 au zaidi. Kwa hiyo, kutoka umbali wa mita 1, kichwa cha mwanao kwake ni doa moja au mawili, bila pua wala masikio. Hata hivyo, mbu aenezaye malaria, ambaye huuma usiku, ana macho yaliyoumbwa kukusanya mwanga mchache hata kama picha itakosa ukali, na doa jeusi mbele ya ukuta mweupe linamtosha.

Kuhusu rangi, mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba Edesi jike, mbu wa dengi aumaye mchana, hazijali rangi mpaka anuse hewa ya ukaa. Akishainusa huvifuata vitu vyekundu, vya rangi ya chungwa na vyeusi, na huvipuuza vya kijani, vya zambarau, vyeupe na, muuzaji wako asikie, vya bluu.

Najua jibu watakalonipa wauza taa, kwamba hata watafiti wa malaria wa Muheza hukamata mbu kwa mtego wenye taa. Ni kweli, lakini mtego huo una feni ya kuwavuta ndani, nao huning'inizwa kando ya chandarua ambamo mtu amelala, na mtu huyo ndiye chambo. Mwondoe mtu, uone taa peke yake itakamata wangapi.

Kinachonikera si fedha iliyopotea. Ni maneno yale ya kwamba chandarua si lazima tena, ambayo nayasikia kila msimu wa mvua, leo kwa taa, kesho kwa programu ya simu inayodaiwa kuwafukuza mbu kwa sauti tusiyoisikia, na hiyo nayo imepimwa mara nyingi bila kupunguza kuumwa. Asiyejua jinsi mbu anavyomtafuta mtu hana haki ya kumwambia mzazi akunje chandarua. Kirudishe leo chenye dawa, ukichomeke chini ya godoro pande zote, na katika nyumba yoyote iliyokwisha kukiacha kwa ajili ya vifaa hivi, mtoto akipata homa apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24, taa iwe inawaka au imezimwa.