Ukuta wangu uliangushwa na maji, si mwizi

Saa tisa usiku, katikati ya masika, nilisikia kishindo nikadhani ni mwembe wa jirani. Nilipotoka na tochi nikakuta upande wa chini wa kiwanja changu uko wazi. Mita kumi na mbili za ukuta zilikuwa zimelala kifudifudi juu ya banda la kuku la mzee ninayepakana naye, na maji mekundu yakipita juu yake bila wasiwasi wowote. Kuku sita walikufa. Asubuhi nilikwenda kumwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ule ukuta ulianza kutoa kitambi tangu vuli. Nilidhani unaona."

Nilikuwa naona. Nilikuwa naona na kujiambia ni macho yangu.

Naishi Goba, Dar es Salaam, huku kwenye vilima na makorongo ambako kupata kiwanja tambarare ni bahati. Mimi si fundi, ni mwalimu. Ila uzio huu nimeujenga mara mbili kwa mshahara uleule, na kama na wewe unapanga kuzungushia, hasa kwenye mteremko, soma kwanza kabla hujaita kirikuu la tofali.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilitaka ua tambarare, watoto wacheze, gari ligeuke. Nikajenga ukuta wa tofali za inchi 6 upande wa chini, kisha nikamwaga kifusi ndani tripu baada ya tripu mpaka kikafika zaidi ya mita moja. Nilipomuuliza fundi kuhusu maji alinijibu, "Mama, we jenga, maji yatajua yenyewe pa kupita." Kweli yalijua.

Ukuta wa uzio umejengwa usimame peke yake na kuvumilia upepo. Haukujengwa kubeba mlima mgongoni. Kifusi kinasukuma muda wote, na ukiongeza kimo chake mara mbili, msukumo haukui mara mbili, unakua mara nne. Mvua ikinyesha kinalowa, kinakuwa kizito, na maji yasipopata pa kutokea nayo yanaanza kusukuma. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Ukuta wangu haukuwa na tundu hata moja, na nilikuwa najisifu kwamba hata panya hapiti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama: mvua kubwa ijayo, chukua mwavuli, ingia kiwanjani, utazame. Maji yanaingilia kona gani, yanakusanyika wapi, yanatokea wapi. Chomeka vijiti. Waulize majirani wa zamani, maana wao wanajua mkondo uliokuwepo kabla hujanunua. Ukinunua kiwanja kiangazi, mwenye kukuuzia atakuonyesha upepo na mandhari tu. Vijiti vile ndivyo vitakavyokuambia pa kuacha matundu.

Kwenye ukuta wa kawaida, usiozuia kifusi, niliacha vipande vya bomba la plastiki la inchi 2 kila baada ya mita mbili, usawa wa ardhi. Pale mkondo wenyewe unapopita haitoshi bomba. Tuliacha dirisha dogo la upana wa tofali mbili, tukalifunga kwa nondo zilizoachana ili mtu asipite na takataka zisizibe kirahisi. Kabla ya kila masika nalisafisha mwenyewe.

Pale ulipoanguka hatukurudisha ukuta wa tofali. Fundi wa pili, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alipima akasema hapo pajengwe ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na uzio uwe kitu kingine juu yake. Mawe yaliinuka mita 1.2 kutoka ardhini. Chini upana ni sentimita 70, juu 40. Kanuni aliyonipa ni kwamba ukuta wa mawe wa aina hiyo upana wake wa chini usipungue nusu ya kimo chake, na ukizidi ni bora. Nyuma yake, kabla ya kifusi, tulipanga kokoto unene wa futi moja kwenda juu, maji yashuke kwenye kokoto badala ya kukaa kwenye udongo, na mabomba ya inchi 3 yakapenya katikati ya mawe. Ukizidi mita moja na nusu usimsikilize mwalimu wala fundi wa mtaani. Tafuta mhandisi akuchoree.

Juu ya mawe niliweka nguzo za chuma na wavu. Wenzangu wanaona kama uzio wangu haujaisha. Upepo unapita, mzigo ni mwepesi, na mzee jirani ananiona nikianika nguo, tunasalimiana.

Jambo la maji haliishii kwako, ujue. Mabomba yale yangemwagia wapi? Kwa mzee yuleyule. Tuliketi mimi na yeye, mjumbe akiwepo, tukakubaliana nirudi ndani sentimita 60 kutoka mpakani, nichimbe mfereji chini ya ukuta upande wangu, uende mpaka korongoni. Nikapoteza kipande cha ardhi chenye urefu wa uzio mzima. Banda la kuku nilimjengea jipya, la tofali.

Mipaka, basi. Uzio wangu wa kwanza niliufuatisha na michongoma ya zamani kwa sababu kila mtu alisema "mpaka ni michongoma". Safari ya pili nilimleta mpima na ramani ya upimaji, akafukua mawe ya mpaka, zile bikoni, na tukakuta michongoma imetambaa karibu hatua moja kwa jirani wa upande wa juu. Michongoma inakua, bikoni haikui. Kamba ifungwe bikoni kwa bikoni, halafu msingi wote ukae ndani ya kamba. Hapa wengi wanakosea: wanaweka uso wa ukuta kwenye mpaka na kusahau kuwa zege la chini ni pana kuliko ukuta, kwa hiyo zege linalala kwa mtu. Jirani akija kuchimba msingi wake analikata. Kama mnakubaliana kuchangia ukuta mmoja katikati, sawa, ila andikeni, mkaweke sahihi serikali ya mtaa. Leo mnaelewana, kesho kiwanja kimeuzwa.

Anayepakana na barabara ana kazi zaidi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, zikipimwa toka katikati ya barabara. Ukikuta ukuta una X nyekundu, mara nyingi hadithi yake ni hiyo. Nenda idara ya mipango miji ya halmashauri yako uulize kibali na umbali kabla ya kuchimba, usiulize kwa muuza saruji.

Sasa hesabu ya tofali, maana hapo ndipo nilipoibiwa bila kuibiwa. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 30. Mzunguko ni mita 100, ukitoa geti la mita 4 zinabaki 96. Tofali letu la kawaida lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukiweka na mchanganyiko wa saruji wa kuungia, chukulia sentimita 48 kwa 25. Kwa hiyo kila kozi, yaani safu moja ya tofali, inakula tofali 200, na kozi nane zinakupa mita mbili za kimo. Fundi wa kwanza alinipigia hesabu ya 1,600, nikafurahi kwamba ni mtu wa bei nafuu. Hakuhesabu msingi. Kozi tatu za chini ni 600 nyingine, na asilimia tano ya kuvunjika, jumla inafika 2,310. Tofali zilipoanza kuisha alifanya nini? Msingi ukawa kozi moja. Sikujua, nilikuwa darasani. Tuliligundua hilo tulipofukua kifusi, na nikaelewa kwa nini ukuta ulilala mzimamzima kama mlango.

Hivyo siku ya msingi omba ruhusa kazini. Siku ya lipu unaweza kukosa, siku ya rangi hata usije. Siku ya msingi simama pale na futi mkononi. Uchimbwe mpaka udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa, upite kifusi na taka zote. Chini ya shimo pawe bapa, na kwenye mteremko pakatwe ngazi ngazi. Kozi ni lazima zilale sawa hata kama ardhi inashuka. Ukiona fundi anafuatisha mteremko kwa kozi, msimamishe. Yule fundi wangu wa pili hakuwa na vifaa vya ajabu: pima maji, timazi (uzi wenye kizito mwishoni), kamba, na mpira mrefu unaopitisha mwanga uliojazwa maji wa kuhamishia usawa kutoka kona hadi kona.

Nguzo tulisimamisha kila mita tatu na kwenye kila kona, nondo nne za milimita 12 zikiwa zimesukwa na ringi, zile pete za chuma za kuzifunga pamoja, zikianzia kwenye zege la msingi. Nondo iliyochomekwa juu juu baada ya ukuta kuinuka ni pambo. Kila baada ya mita kumi hivi tuliuachanisha ukuta, nguzo mbili zikikaa bega kwa bega na upenyo mwembamba katikati, ili ardhi ikitulia upande mmoja usiuvute upande mwingine.

Tofali zenyewe: muulize muuzaji mfuko mmoja wa saruji unamtolea tofali ngapi. Anayejibu hamsini anabana saruji, msalimie uondoke. Ukikwaruza tofali kwa msumari likamwaga mchanga kama biskuti, hilo si tofali. Na uliza lina siku ngapi na limemwagiliwa maji siku ngapi. Wiki moja ya kumwagiliwa ni kidogo kabisa ninachokubali. Mchanga wa baharini usiukaribishe, hata ukiwa wa bure. Chumvi yake inakula nondo kwa kutu, na lipu inabanduka kila mwaka. Huku kwetu pwani hewa yenyewe tayari ina chumvi ya kutosha.

Geti nalisema kwa ufupi ingawa limenisumbua kwa urefu. Nguzo zake zinabeba uzito unaoning'inia, kwa hiyo zipate shimo lao na zege lao, zisiegemee ukuta. Upana wa mita 4 usipunguze, siku moja utahitaji lori la mchanga au gari la maji liingie. Na kama ua wako unapanda kutoka barabarani, geti linalofungukia ndani litakwama ardhini nusu ya safari. Mimi la kwanza lilikwama, nikachimba ua kwa jembe ili geti lipite, majirani wakacheka. Sasa ni la kusukuma pembeni.

Kuhusu nyufa. Ukuta wako uliopo ukianza kupasuka, usikimbilie lipu. Chora mstari mdogo wa penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, subiri mvua zipite. Ufa usiopita penseli, mdogo wa kama unywele, ziba. Unaopanda ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali na unazidi kurefuka, msingi unashuka: angalia kama kuna bomba linalovuja au mti karibu. Mimi nilikuwa na mwarobaini hatua mbili kutoka ukutani, nikaukata kwa uchungu. Ufa uliolala mlalo, na ukuta umetoa tumbo, huo unasukumwa. Hapo ondoa kifusi kwanza, leo, kabla ya kutafuta hela ya fundi. Shusha timazi toka juu uone umepinda kiasi gani, na watoto wasicheze upande ule. Mimi nilipiga lipu. Ukaonekana mpya miezi mitano.

Upande wa juu, wenye mita 30 za kupakana na yule jirani wa michongoma, mpaka leo haujarudishiwa ukuta. Fedha iliisha kwenye mawe, na baadaye nikaona sina haraka. Tulikata michongoma ya zamani tukapanda mipya ndani ya bikoni zangu, kwa mistari miwili, na seng'enge nyuzi nne katikati isiyoonekana. Maji ya mlimani yanapita chini yake taratibu na kuacha udongo wake hapo. Mwizi naye anajua kwamba kupanda mchongoma ni rahisi, kushuka ndiyo ngoma. Watu walinishauri minyaa kwa kuwa inaota haraka bila kudai maji, nikakataa kwa ajili ya watoto. Utomvu wake ukiingia jichoni ni mbio hospitali.

Michongoma inataka kupogolewa, na inataka miaka mitatu ya subira kabla kuku hajashindwa kupita. Kuku wa mzee bado wanapita, maana ile ya pembeni ni ya mwaka jana. Nimemwambia wakiharibu mchicha wangu sidai, tuko sare.